Angalau Inaelekea Wapi

"Kwa hiyo huyu mtu akipata sifuri, amefaulu?" binti aliuliza.

Mama yake alirudi kwenye hesabu. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo, karatasi ikiwa magotini mwake juu ya kibao cha kukatia mboga. Alilisoma swali upya, midomo ikicheza bila sauti. Mtahiniwa anataka wastani wa angalau sitini katika majaribio manne. Katika matatu ya kwanza amepata hamsini na mbili, hamsini na nane, na sitini na moja. Katika la nne apate ngapi?

Hesabu yenyewe aliipatia. Alizidisha, akajumlisha, akatoa, akafika kwenye sitini na tisa bila kukwama popote. Ni mwishoni kabisa, pale pa kuweka alama, ndipo alipoandika kwamba x ni sitini na tisa au pungufu.

"Sitini na tisa kushuka chini," alisema. "Si ndivyo?"

"Kushuka mpaka wapi?"

"Mpaka huko chini."

"Mpaka sifuri. Ndiyo maana nakuuliza. Mtu amepata sifuri jaribio la nne, wastani wake umefika sitini?"

Mama alicheka, kicheko cha mtu aliyekutwa na mkono ndani ya sufuria. Kisha akaacha kucheka, akaichukua kalamu na kulikata jibu kwa mstari mmoja mnyoofu. Hakupenda kufuta. Alitaka kosa libaki pale alione.

"Lakini mama, mbona ni neno hili hili tu? 'Zaidi ya' unapata. 'Isizidi' unapata. Ukikutana na 'angalau', mdomo unaugeuza."

Mdomo ndilo jina waliloipa ile alama ya zaidi au pungufu, kwa kuwa siku zote hupanuka kuelekea kilicho kikubwa. Vitabuni sura yote ile iliitwa ukosawa. Nyuma ya nyumba iliitwa hesabu za midomo, na binti, aliyekuwa kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa mwalimu wake.

"Angalau si kidogo?" mama aliuliza.

"Kidogo kivipi?"

"Mtu akikuambia nipe angalau mia, si anataka kidogo? Angetaka nyingi angesema nyingi."

 Binti hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Darasani mwalimu alisema angalau maana yake ni hiki, wakaandika, wakafungua ukurasa mwingine.

"Anataka mia," alisema polepole, "au zaidi ya hapo. Ukimpa hamsini, je?"

"Atapokea. Atafanyaje?"

"Atapokea, sawa. Lakini hujampa alichoomba."

Mama alimwangalia binti yake kama anayetazama chombo kipya ambacho hajajua kinashikwa upande gani. Kabla hajasema neno, ikasikika mlio wa viatu vyenye visigino kwenye simenti ya uani. Wifi yake hakuwa na haja ya kupiga hodi. Viatu vyake vilipiga kwa niaba yake.

"Mko darasani?" wifi alisema, akishika nguo iliyoanikwa ili apite chini yake. "Samahani, mwalimu mkuu. Sikujua kipindi kinaendelea."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mletee shangazi yako kiti. Mimi ndoo siziwezi, mgongo."

Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mwenye saluni yake mwenyewe na sauti iliyozoea kushindana na mashine za kukaushia nywele. Alikaa, akauweka mkoba mapajani, akatangaza alichokuja kutangaza. Kikao cha familia kuhusu nyumba aliyoiacha baba yao kitafanyika Jumamosi, hapa, kwa kaka yake. Ndugu wanatoka mbali, na kila mmoja amekwisha kukata tiketi.

"Kwa hiyo chakula cha mchana, wifi, ni wewe. Wali, nyama, kitu cha kuteremshia. Usijitaabishe sana."

"Jumamosi hii?"

"Kuna Jumamosi nyingine?"

"Jumamosi nina mtihani, wifi. Nilikuambia mwezi uliopita."

Wifi aliitazama ile karatasi juu ya kibao. Hakuonyesha hasira. Alionyesha huruma, na ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Ule wa chuo cha uuguzi? Bado tu? Nilidhani ulikwisha kuachana nao." Akamgeukia binti, kama vile mama mtu hayupo. "Mama yako huko dobi ya hospitali wanamwitaje?"

Binti alishusha macho. Alilijua jina hilo, na alijua linapelekwa wapi.

"Si wanamwita Bi Shuka?" wifi aliendelea. "Basi. Mtu jina lake lenyewe ni Shuka, mnataka apande?"

Alicheka mwenyewe, tena bila ubaya mkubwa, kama mtu anayejua kuwa utani wake ni mzuri. Na kweli ulikuwa mzuri. Hata Bi Shuka alitabasamu kidogo, kwa mazoea.

"Na ada ya mtihani, kama ndiyo inayokuuma, nitakurudishia," wifi alisema, akifungua mkoba. "Nakupa sasa hivi. Ili usiseme tumekudhulumu."

"Weka, wifi."

"Chukua."

"Weka pesa zako. Ningekuwa nimenunua viatu ningekuuzia. Hii sikununua kitu, nimejiandikisha mwenyewe."

Wifi aliufunga mkoba. Zipu yake ilikuwa ndefu na ilichukua muda kufika mwisho.

*

Katika kitengo cha dobi cha hospitali, shuka hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, wanavuta mpaka kitambaa kinyooke, wanakutanisha mikono, wanaachana, wanakutana tena. Bi Shuka na mwenzake walikuwa wamekunja pamoja muda mrefu hata hawakuhitaji kutazamana. Mwenzake huyo alisimamia pia mashine ya pasi, ile yenye roli kubwa la moto, na kwa hiyo aliitwa Pasi.

"Jumamosi nishikie zamu," Bi Shuka alisema walipokutanisha mikono. "Nami nitakushikia Jumapili yako."

"Mtihani?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ile nafasi ya mwisho?"

"Ya mwisho. Tangazo linasema umri usizidi arobaini. Mwakani nitakuwa nimezidi."

Pasi aliachia pembe moja, akaishika tena. "Mimi sielewi jambo moja. Unataka kwenda kuvaa gauni jeupe ili iweje? Huko wodini wanafokewa kama sisi tu."

Bi Shuka aliitazama shuka iliyokuwa kati yao. Ilikuwa na kivuli cha doa ambalo yeye mwenyewe alilisugua kwa brashi kabla ya kuitia mashineni, na bado lilionekana ukijua pa kutazama.

"Nimefua shuka za watu miaka yote hii," alisema. "Najua nani ametokwa damu, nani amejikojolea, nani ametapika. Sijui hata mmoja wao anafananaje. Nataka nikae upande ule ambao mtu bado yumo ndani ya shuka."

Pasi aliichukua shuka ile, akaiweka kwenye rundo. Walikunja nyingine.

Kabla ya mapumziko msimamizi alipita na boksi la glavu. Zilikuwa zimekwisha tangu mwanzo wa wiki, na watu walikuwa wakipanga shuka chafu kwa mikono mitupu. Alitoa jozi moja kwa kila watu wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia.

"Mgawane," alisema. "Angalau mmepata."

Bi Shuka alikuwa ameinua mkono kupokea ya kwake, akabaki hivyo hivyo, mkono hewani.

"Umesemaje, bosi?"

"Nimesema angalau mmepata. Kuna shida?"

"Hapana. Nilitaka kusikia vizuri."

Msimamizi aliendelea na safari yake. Pasi aliivaa glavu ya kushoto, akavipindapinda vidole mbele ya uso wa mwenzake. "Wewe leo una nini?"

"Hilo neno. Umelisikia?"

"Neno gani?"

Bi Shuka hakuweza kueleza papo hapo. Lakini tangu saa ile masikio yalimsimama, na neno likawa linamjia kila upande, kama mtu aliyejifunza jina la mdudu na sasa anamwona kila ukutani. Karani wa mishahara alisema mishahara imechelewa, ila angalau mwezi huu haikukatwa. Mama wa kantini alisema chai haina sukari, lakini angalau ina moto. Mumewe, akakumbuka, alipoulizwa kwa nini harudi mapema, alisema angalau mimi nalala kwangu. Na wifi, siku zote: angalau wewe una nyumba, angalau una mume, angalau una kazi. Hakukumbuka hata mara moja mtu alipomwambia angalau kisha akampa kingi. Kila lilipokuja, lilikuja limeshikana mikono na pungufu.

Ndipo alipoelewa alikojifunzia kuugeuza mdomo. Hakujifunza kwenye kitabu chochote. Alifundishwa hivyo na watu waliompa nusu na kumtaka aite nzima.

"Pasi," alisema. "Mtu akikuambia nitakupa angalau jozi moja ya glavu, akakupa ya kushoto tu, amekupa?"

"Amenipa ya kushoto."

"Ee. Basi hajakupa."

Pasi akacheka mpaka roli la pasi likataka kuunguza foronya. "Nenda kwenye huo mtihani wako," alisema. "Nenda kabla hujatuharibia kazi."

*

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na watu wote walimwita Fundi, mkewe pia. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba, kimejaa majokofu yaliyosimama wazi kama kabati za watu waliohama. Ijumaa jioni alikuwa amepiga magoti nyuma ya mojawapo, tochi kinywani. Mkewe alisimama mlangoni.

"Kesho naondoka mapema," alisema. "Nyama iko jikoni, nimeikatakata na kuitia chumvi. Mchele nimeuchambua. Vitunguu viko kwenye kapu."

Fundi alitoa tochi kinywani. "Unaondoka kwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

"Dada alisema mmezungumza."

"Tulizungumza. Hatukukubaliana."

Fundi alikaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kusubiri mpaka jambo lijichokee lenyewe, na mara nyingi lilijichokea kweli.

"Usinifanyie hivi mbele ya ndugu zangu," alisema. "Watasema nini? Wageni wamekuja, mama mwenye nyumba hayupo, ameenda kukaa na watoto wa juzi kwenye madawati."

"Waambie ukweli. Mke wangu ana mtihani."

"Ulifeli."

"Nilifeli mwaka juzi. Mwaka jana hukunipa nafasi ya kufeli."

Hilo lilimpata, naye aliinamisha macho. Mwaka jana, siku yenyewe, mpwa wake alihitaji mtu wa kumpeleka shule ya bweni, na palipotafutwa mtu akaonekana mmoja tu asiye na la kufanya. Bi Shuka alikwenda na mpwa, akiwa na kadi yake ya mtihani ndani ya pochi, akarudi nayo.

"Tusubiri mwakani," Fundi alisema. "Mwakani mimi mwenyewe nitakupeleka. Naapa."

"Mwakani nina arobaini na moja."

"Si mwaka mmoja tu? Watakataa kwa mwaka mmoja?"

"Watakataa kwa siku moja. Mstari ndivyo ulivyo. Upo upande huu au upo upande ule."

Fundi aliichezesha tochi, akiiwasha na kuizima. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini.

"Na ukipita?"

"Nikipita nitasoma."

"Halafu utarudi unaongea na madaktari, mimi hapa nina mafuta mpaka kwenye masikio."

Kumbe ndilo hilo. Bi Shuka alilitazama jambo hilo likiwa limekaa pale sakafuni kati yao, na kwa mara ya kwanza jioni ile moyo ukamlainika. Lakini hakusogea mlangoni.

"Baba," alisema, na hakuwa na kawaida ya kumwita hivyo ila kwenye mazungumzo mazito, "mimi nimekuona na mafuta masikioni tangu siku ya kwanza. Sijawahi kukuomba uyaoshe ndipo nikae na wewe. Kesho sikuombi ruhusa. Nakuomba upike."

"Mimi nipike? Wali wa watu wote wale?"

"Jokofu lina gesi, lina koili, lina kompresa, na unalifungua ukiwa umefumba macho. Sufuria lina kifuniko tu."

Binti, aliyekuwa akisikiliza dirishani bila kujificha sana, alicheka kwa nguvu. Fundi alijaribu kukunja uso, ukamshinda nusu.

"Angalau ungesubiri kikao kianze, uwasalimie," alisema.

"Usiniambie angalau," mkewe akamjibu. "Hilo neno nimelijua sasa."

*

Mlinzi wa lango la chuo alikuwa mtu mwema. Alipomwona mwanamke mwenye kitambaa kichwani na mkoba kwapani akija nyuma ya kundi la vijana, alimwonyesha kwa heshima zote benchi lililokuwa chini ya kivuli cha ukuta.

"Wazazi wanasubiri pale, mama. Maji ya kunywa yapo."

"Ahsante, baba. Sijamleta mtu. Nimejileta."

Vijana wawili mbele yake waligeuka. Mmoja alimkonyeza mwenzake. Mlinzi alichukua kadi, akaisoma, akamtazama, akaisoma tena, kisha akampitisha kwenye meza ya usajili, ambako alikaa dada mwenye miwani na rula ya plastiki.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Akaitaja. Yule dada alisogeza rula kwenye orodha, akaisimamisha.

"Umefikisha arobaini."

"Nimefikisha."

"Mwisho ni arobaini."

"Naam. Mwisho ni arobaini, na mimi ni arobaini. Nimefika, sijazidi."

Foleni nyuma yake ilikuwa ikisikiliza.  Yule dada alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubaliana na rula yake, akampa namba.

"Chumba cha tatu. Kaa kwenye meza yenye namba hiyo. Simu tunaiacha hapa."

Meza ilikuwa ndogo. Magoti yake yaligusa ubao wa chini, ikabidi akae upande. Sehemu ya lugha ilimwendea vizuri. Sehemu ya sayansi ilimsumbua, lakini alijua mengi kuhusu vijidudu kutokana na tangazo la ukutani kazini, na mengine alibahatisha kwa utulivu. Kisha akafungua hesabu. Hakuanza mwanzo. Alipekua kurasa akilitafuta neno, kama mtu anayeingia ukumbini akimtafuta anayemdai.

Akalikuta. Stoo ya zahanati ina chupa 130 za dawa. Kila siku hutolewa chupa 6. Stoo lazima ibaki na angalau chupa 40. Ikiwa n ni idadi ya siku za kutoa dawa, ni jibu lipi lililo sahihi?

Ukiondoa sita kwa kila siku, kinachobaki kiwe arobaini au zaidi. Aliuweka mdomo. Mkono ulitaka kuupeleka chini, mkono wa miaka yote, na aliushika. Arobaini ni sakafu, alijiambia. Haya mambo ya kutoboa sakafu basi.

Akaandika: 130 – 6n ≥ 40.

Binti alikuwa amemfundisha kwamba ukigawanya kwa namba hasi, mdomo lazima ugeuke. Kila mara alisahau. Kwa hiyo alikuwa amejitafutia njia yake: kilicho hasi alikihamishia upande wa pili, kikawa chanya, kama unavyoitoa shuka iliyolowa kwenye kamba ya kivulini ukaianika ya juani. Akatoa arobaini kwenye mia na thelathini, akaihamisha sita. Tisini upande huu, sita za n upande ule. Akagawanya.

15 ≥ n.

Aliangalia majibu. Jibu A lilisema n ≥ 15. Alama ile ile, kumi na tano ile ile, herufi ile ile. Ncha ya kalamu ilikwisha kugusa karatasi penye A, ikaacha kitone.

Akakomea hapo. Kitu kilimwasha, na alipokisikiliza ilikuwa ni sauti ya binti yake chini ya kamba ya nguo: kwa hiyo huyu mtu akipata sifuri, amefaulu?

Basi akamwuliza A swali hilo hilo. Wewe unasema siku ziwe kumi na tano au zaidi. Tuseme ni siku mia. Chupa sita kwa siku mia moja ni mia sita. Stoo ina mia na thelathini. Hizo nyingine utatoa wapi?

A hakuwa na la kusema.

Aliurudia mstari wake, safari hii kwa maneno, midomo ikicheza kama kawaida. Kumi na tano ni kubwa kuliko n au sawa nayo. Yaani n haiipiti kumi na tano. Yaani n ni kumi na tano kurudi nyuma. Akaweka alama kwenye B, iliyosema n ≤ 15, akaikaza mara mbili, na kile kitone cha kwenye A akakiacha kama kilivyo, kikimtazama.

Msimamizi wa chumba alipopita karibu yake alimwona mwanamke mzima anatabasamu mbele ya karatasi ya mtihani. Aliinama kuona kama kuna kitu kimefichwa mezani. Hakukuwa na kitu.

*

Aliporudi, kikao kilikuwa kimefika mahali ambapo watu wamechoka kubishana na wameanza kukumbushana ya utotoni. Sebule ilijaa. Kiti kimoja tu kilikuwa tupu, na juu yake ulikaa mkoba wa wifi. Harufu ya kuungua ilitanda nyumba nzima, na hakuna aliyeitaja, jambo lililoonyesha kwamba ilikuwa imekwisha kutajwa sana.

Alisalimia mmoja mmoja, kwa utaratibu, bila kuharakisha. Shikamoo baba mdogo. Habari za safari, shemeji. Walimwitikia vizuri. Mzee mmoja aliuliza mtihani wa nini, akaambiwa, akasema loh, na haikujulikana loh ile ilikuwa ya upande gani.

"Pole na mitihani," wifi alisema. "Sisi tumeshiba kwa taabu. Kaka yangu ametulisha mkaa." Watu walicheka. "Chakula kimeisha, lakini usijali, hatukukusahau. Sufuria liko jikoni. Angalau ukoko upo."

"Ahsante, wifi. Ukoko sili."

Kicheko kilikatika kidogo pembeni.

"Haya. Na ulionaje huko? Kulikuwa na wa rika lako?"

"Hakukuwa na hata mmoja."

"Si nilisema?" Wifi alipoza sauti, akaileta ile huruma yake. "Lakini usivunjike moyo. Usipopita, angalau umejaribu."

Bi Shuka alikwenda kwenye kile kiti. Aliunyanyua mkoba kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayeinua mtoto aliyelala, akauweka mapajani mwa mwenyewe. Kisha akakaa.

"Wifi, hiyo angalau yako inaelekea chini," alisema. "Mimi nimeifuata huko chini muda mrefu, hakuna kitu. Leo sikwenda kujaribu. Nimekwenda kufanya mtihani, nimeufanya mpaka mwisho. Nikifeli nitakuwa nimefeli mimi, kwa karatasi yangu, hakuna atakayekuwa amenifelia. Ila usiniwekee kiwango. Nimekwisha kukiweka."

Hakuipandisha sauti hata kidogo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyejua aingilie wapi. Wifi alifungua zipu ya mkoba, akatazama ndani kana kwamba kuna kitu kilikuwa kinahesabiwa humo, akaifunga. Baba mdogo alikohoa. Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo begani, akiwa amekaza midomo isije ikamsaliti.

"Majibu lini?" mzee wa loh aliuliza.

"Mwezi ujao, baba."

"Ukipita utatuchoma sindano bure?"

"Nyie nitawachoma bure. Wifi atalipa."

Hapo wakacheka wote, na wifi, baada ya kuangalia huku na huku asione pa kujishika, akacheka pia.

Fundi ndiye hakucheka. Alikuwa amejibanza karibu na dirisha, shati limelowa tumboni, kidole kimoja kimefungwa kitambaa mahali alipojiunguza. Alikuwa akimtazama mkewe kama alivyotazama jokofu lililoanza kuunguruma baada ya kukaa kimya wiki nzima, akisikiliza kama mlio utakaa au utakatika.

"Fundi," mkewe alisema. "Nina njaa. Naomba sahani. Angalau moja."

"Chakula kimeisha," wifi alisema, upole kidogo safari hii. "Nimekwambia kweli, wifi."

Fundi alijitoa dirishani. "Angalau moja ndiyo ngapi?" aliuliza.

"Moja. Au mbili. Au zaidi ya hapo. Isipungue tu."

Alipita katikati ya ndugu zake, akatoka nje. Walimsikia akifungua kibanda cha mabati, kisha mlango wa jokofu mojawapo ukibanduka kwenye mpira wake. Alikawia kidogo huko. Aliporudi alikuwa ameusukuma mlango kwa bega, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi: sahani zilizofunikwa kwa sahani, wali mweupe usio na alama ya moto, uliotolewa juu ya sufuria kabla ya mtu yeyote kupakuliwa. Moja aliiweka mbele ya mkewe. Ya pili aliishika mwenyewe, akatafuta pa kukaa, asipaone, akapindua ndoo ya maji iliyokuwa mlangoni, akakaa juu yake karibu na magoti ya mkewe. Tangu asubuhi naye hakuwa amekula.